Pema Ni Wapi?

Wahenga walisema: pema usijapo pema, ukipema si pema tena. Usemi huu humwonya mgeni asizidishe matembezi mpaka akawachosha wenyeji wake. Lina onyo jingine ndani yake, nalo lamhusu mtu anayetazama mahali kwa mbali. Mahali asipopazoea mtu huonekana pema, kwa kuwa macho yake yameona maua wala hayajaona miiba. Kila mzazi aliyepata kukaa usiku akahesabu mshahara wake, akaona kwamba kodi ya nyumba inakula nusu yake, amewahi kufikiri juu ya mji mwingine ambako nyumba ni nafuu, shule ni nzuri na njia ni salama kwa watoto. Fikira hiyo ni halali. Lakini kati ya kufikiri na kufunga mizigo liko swali ambalo hesabu peke yake haiwezi kulijibu: mahali pema pa kulea watoto ni wapi, na ni nini kipafanyacho kuwa pema?

Nchi chache zimewapa watu wake uwanja mpana wa kujibu swali hilo kama Marekani. Nchi hiyo ina majimbo 50, na kila jimbo lina sheria zake, kodi zake na namna yake ya kuendesha shule. Raia aweza kuamka katika jimbo moja na kulala katika jingine bila kuomba ruhusa kwa yeyote. Uhuru huo haukupatikana bila mashindano. Jimbo la Nevada lilitoza dola moja kwa kila abiria aliyesafirishwa kutoka mipakani mwake. Mwaka 1868 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaibatilisha kodi hiyo. Jimbo la California lilikuwa na sheria iliyofanya kuwa kosa kumwingiza mtu fukara jimboni, na mtu mmoja alihukumiwa kwa sababu alimleta shemeji yake maskini kutoka Texas. Mwaka 1941 mahakama ile ile ikaifuta sheria hiyo. Mwaka 1969 ikaamua kwamba jimbo haliwezi kumnyima maskini msaada kwa sababu tu hajatimiza mwaka mmoja tangu ahamie. Hivyo sheria imekwisha kujibu kama mtu aweza kuhama. Haikujibu kama anahama vema. Hilo limeachiwa dhamiri, na ndilo lenye uzito.

Jambo la kwanza linalotazamwa na mwenye kuhama ni unafuu. Katika Kiswahili neno rahisi lina maana mbili: kitu kisicho ghali, na kitu kisicho kigumu. Kuungana kwa maana hizo katika neno moja kumewadanganya wengi, wakadhani kwamba mahali pasipo ghali ni mahali pasipo pagumu. Mathalan, majimbo ya Texas na Florida hayatozi kodi ya mishahara, na jambo hilo huwavuta watu wengi kutoka California na New York. Walakini serikali haiendeshwi kwa hewa. Texas hupata sehemu kubwa ya fedha za shule zake kwa kodi ya ardhi na majengo, nayo ni miongoni mwa kodi nzito za namna hiyo nchini. Katika Florida tufani za baharini zimepandisha bima ya nyumba hata wenye nyumba wengi hulalamika. Katika miji midogo ya ndani nyumba hupatikana kwa bei ndogo, lakini basi hakuna, na kila mfanya kazi hulazimika kuwa na gari lake. Hospitali nayo yaweza kuwa safari ya saa nzima. Basi kodi ya nyumba si gharama ya maisha. Ni mlango wa gharama, na mwenye busara hachungulii mlangoni tu akasema ameijua nyumba.

Liko jambo jingine juu ya unafuu ambalo aghalabu husahauliwa. Unafuu una sababu yake. Nyumba haziwi rahisi kwa ukarimu wa wenye nyumba. Huwa rahisi mahali ambapo watu wamepungua, na watu hupungua mahali ambapo kazi imeondoka. Unafuu wa mmoja mara nyingi ni masazo ya hasara ya mwingine. Mwenye kuhama akikumbuka hivyo ataingia mji mpya kwa staha, kama aingiavyo mtu katika nyumba iliyofiwa. Asipokumbuka ataingia kama mnunuzi mnadani, na wenyeji watamwona hivyo.

Mfano wa jambo hili, ulio wazi kuliko mingi, ni mji wa Lewiston katika jimbo la Maine, kaskazini mashariki ya Marekani. Mji huo ulijengwa kando ya mto Androscoggin, na nguvu ya maji yake iliendesha viwanda vikubwa vya nguo katika karne ya 19. Wafanya kazi wengi walitoka Quebec, Kanada, wakaja kwa reli pamoja na wake na watoto wao. Walisema Kifaransa, wakajenga makanisa na shule zao, wakadharauliwa na wenyeji waliowatangulia. Mwaka 1919 jimbo la Maine lilipitisha sheria ya kwamba masomo shuleni yafundishwe kwa Kiingereza, na watoto wao walionywa wasiseme lugha ya mama zao. Baadaye viwanda vilidhoofika, vikafungwa kimoja baada ya kingine. Wakazi waliokuwa zaidi ya 41,000 mwaka 1970 walikuwa wamepungua chini ya 36,000 mwaka 2000. Nyumba za ghorofa walizokaa wafanya kazi wa viwanda zilibaki tupu katikati ya mji.

Mwanzoni mwa mwaka 2001 familia za Wasomali zilianza kufika huko. Hazikupelekwa na serikali. Serikali iliwaweka kwanza katika miji mingine, na wengi katika Clarkston, karibu na Atlanta, jimbo la Georgia. Huko waliona kazi na jua, lakini waliona pia uhalifu mitaani, na shule ambazo waliogopa kwamba zingewapotezea watoto wao. Wazee walishauriana, wakatuma watu kutazama miji mingine na kurudi na habari za kodi, shule na usalama. Baadhi walifika Portland, mji mkubwa wa Maine, wakakuta nyumba zimejaa. Wakaelekezwa Lewiston, umbali wa saa moja, ambako nyumba tupu zilikuwa nyingi. Watu wa nchi ya jua kali walichagua mji wa theluji kwa ajili ya watoto. Hapo msomaji aone jinsi uchaguzi wa mzazi ulivyo. Ladha yake mwenyewe huiweka chini, akachagua baridi ya mwili ili aepushe baridi nyingine, ile ya kumwona mtoto amepotea.

Katika miezi 18 hivi Wasomali zaidi ya 1,000 waliingia Lewiston. Mwezi wa Oktoba 2002 meya wa mji aliwaandikia wazee wao barua ya wazi, akiwaomba wapunguze kasi ya kuja kwa wenzao, kwa kuwa mji umelemewa na uwezo wake umefika kikomo. Barua hiyo ilisomwa nchi nzima. Kikundi cha watu wenye chuki ya rangi kikaona nafasi, kikatangaza mkutano mjini humo tarehe 11 Januari 2003. Waliohudhuria mkutano wa chuki walikuwa makumi machache tu. Siku hiyo hiyo watu wapatao 4,000 walikusanyika katika chuo cha Bates, mjini humo, kuonyesha kwamba wageni ni wenzao.

Ni vyepesi kusema kwamba meya alikosa na wale 4,000 walifanya haki, kisha kufunga kitabu. Lakini swali la adili halifungwi upesi hivyo. Mji maskini una mipaka yake. Mwalimu mmoja hawezi kufundisha kwa lugha tatu siku moja, na fedha za kusaidia wahitaji si kisima kisichokauka. Mwenyeji anayesema amechoka si lazima awe mwovu. Kosa la barua lilikuwa katika mtu aliyeandikiwa. Mzigo wa mji uligawanywa vibaya na jimbo na taifa, na ombi la msaada lilistahili kupelekwa huko. Badala yake lilipelekwa kwa aliye mdogo kuliko wote, likamtaka awakataze ndugu zake haki ambayo sheria ilikuwa imempa kila mkazi wa nchi hiyo. Zaidi ya hayo, mji ambao wengi wa wakazi wake walikuwa wajukuu wa wageni waliodharauliwa ulikuwa umeisahau hadithi yake wenyewe.

Waswahili husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hutumiwa kama fimbo ya kumpigia mgeni mvivu. Lakini mwenye kusikiliza vema atasikia kwamba amri iliyomo hakuamriwa mgeni. Haikusemwa mgeni atwae jembe, ilisemwa mpe. Anayeamriwa ni mwenyeji. Jembe lililofungiwa ghalani halimfanyi mgeni kuwa mkulima, na mwenyeji asiyetoa jembe hana haki ya kulalamika kwamba shamba halikulimwa. Haki ya kumdai mgeni kazi huzaliwa siku ile mwenyeji anapompa nafasi ya kuifanya. Kabla ya hapo lawama ni dhuluma iliyovikwa kanzu ya hekima.

Methali hiyo ilitimia Lewiston kwa namna ya ajabu kidogo. Tangu miaka ya 2000, baada ya Wasomali wa kwanza, walifika huko pia Wasomali wenye asili ya Kibantu, ambao wazee wao walichukuliwa utumwani katika karne ya 19 kutoka nchi ambazo leo ni Tanzania, Msumbiji na Malawi, wakapelekwa bonde la mto Juba. Baadhi yao wangali wakisema Kizigua hata leo. Vita vya Somalia vilipowafukuza mwanzoni mwa miaka ya 1990, wengi walikimbilia kambi za Kenya. Wengine walivuka hadi Tanga, na Tanzania ikawapa makao huko Chogo, wilaya ya Handeni, katika nchi ya mababu zao. Waliofika Maine walikuwa wakulima, nao walitamani ardhi. Wakapata mashamba nje ya mji, wakalima mahindi na mboga katika udongo ambao kwa miezi mingi ya mwaka umefunikwa na theluji. Jembe lilipotolewa, mikono ilikuwapo tayari.

Historia ya watu hawa yafundisha thamani ya uchaguzi wenyewe. Babu wa babu alihamishwa kwa mnyororo. Hakuna aliyemwuliza anataka kukaa wapi. Baba alihamishwa kwa risasi. Mama aliyepanda basi kutoka jimbo moja la Marekani kwenda jingine, ameshika mkono wa mtoto na karatasi yenye anwani ya jamaa, labda alikuwa wa kwanza katika ukoo wake, kwa zaidi ya miaka 100, kuhama kwa sababu alitaka. Anayewadhihaki watu kwamba wanahama-hama kwa kutafuta unafuu na atafakari habari hiyo. Kuchagua mahali pa kulala mtoto wako ni sehemu ya utu.

Lakini kila uchaguzi una mlipaji wake, na mlipaji wa kuhama mara nyingi ni mtoto. Kuanzia mwaka 1994 serikali ya Marekani ilifanya jaribio katika miji mitano, nayo ni Baltimore, Boston, Chicago, Los Angeles na New York. Zaidi ya familia 4,500 zilizokaa katika nyumba za serikali kwenye mitaa ya ufukara mkubwa zilipigiwa kura, na baadhi zikapata hati za kuzisaidia kodi katika mitaa iliyo bora. Miaka ilipopita wataalamu walitazama hatima ya watoto. Wale waliohamia mitaa yenye ufukara mdogo kabla ya kutimiza miaka 13 walipata, walipokuwa watu wazima, mapato yaliyozidi ya wenzao kwa asilimia 31 hivi, na wengi zaidi waliingia vyuoni. Wale waliohamishwa wakiwa wakubwa zaidi hawakupata faida hiyo. Kwao kuvunjika kwa urafiki na masomo kulielekea kuwa hasara. Kuhama huko kulikuwa baina ya mitaa, si baina ya majimbo, lakini fundisho lake lafaa kote. Mji mmoja waweza kuwa mwema kwa mtoto wa miaka minne na mgumu kwa kaka yake wa miaka 15. Mzazi asemaye kwamba anahama kwa ajili ya watoto yampasa aulize: kwa ajili ya mtoto yupi?

Hali kadhalika yuko anayeachwa. Bibi aliyekuwa akilea wajukuu bila malipo hahesabiwi katika orodha ya gharama mpaka siku anapokosekana. Hapo ndipo hugundulika kwamba ile tofauti ya kodi iliyookolewa humezwa na ujira wa kulelewa watoto, na kwamba upweke wa mkongwe hauna bei ya kuandikwa. Hili halimaanishi kwamba kuondoka ni usaliti. Kati ya miaka ya 1910 na 1970 Waamerika weusi wapatao milioni sita waliyaacha majimbo ya kusini, na nani angethubutu kuwaambia wabaki chini ya dhuluma ili kaburi la babu lisikose wa kulifagia? Liko tofauti kati ya kukimbia dhuluma na kukimbia gharama. Anayekimbia dhuluma hadaiwi maelezo. Anayekimbia gharama anadaiwa hesabu kamili, na katika hesabu hiyo watu waingie kabla ya vitu.

Waarabu husema: jirani kabla ya nyumba. Wengi hulichukulia neno hili kuwa shauri la kuchunguza majirani kabla ya kununua. Ni shauri jema, ila halitoshi, kwa kuwa mwenye kuchunguza jirani ni jirani pia. Yeye anauliza kama mtaa ni mpole kwa watoto. Mtaa nao wauliza kama watoto wanaokuja watakuwa wapole. Hapa pana siri ya swali lote. Mahali pema si kitu kilichokwisha kutengenezwa, kikawekwa mbali kikingoja mnunuzi. Anayefika huongezwa ndani ya mahali penyewe, na kwa kuongezwa kwake mahali pale hubadilika, kwa heri au kwa shari.

Hata hivyo ukweli huu waweza kugeuzwa ukawa silaha ya wenye nguvu. Mtu aliyeshiba aweza kumwambia maskini: kaa ulipo, pema hutengenezwa na watu, tengeneza papo hapo. Maneno hayo ni ya uongo, na jaribio la miji mitano limeyaumbua. Mtaa wenye risasi, shule mbovu na hewa chafu humdhuru mtoto hata kama mama yake ni malaika. Mahali pana nguvu juu ya mtu kabla mtu hajapata nguvu juu ya mahali. Kwa hiyo mzazi ana haki, na pengine wajibu, kutafuta palipo bora. Kutafuta na kutengeneza ni kazi mbili za mtu mmoja. Asiyetafuta humtoa mtoto wake mhanga wa subira; asiyetengeneza huhama tena na tena, akisema kila mara kwamba alidanganywa.

Lewiston lilijifunza kazi hizo mbili polepole. Mwaka 2015 vijana wa shule ya sekondari ya mji huo, wengi wao watoto wa wakimbizi, walitwaa ubingwa wa mpira wa miguu wa jimbo, na wenyeji waliowahi kuogopa wageni walishangilia majina ambayo zamani hawakuweza kuyatamka. Mwaka 2019 Safiya Khalid, aliyefika mjini humo akiwa mtoto mdogo, alichaguliwa diwani akiwa na umri wa miaka 23. Mwaka 2020 wakazi walihesabiwa wapata 37,000. Mji uliokuwa ukipungua ulikuwa umeanza kuongezeka.

Kisha, usiku wa tarehe 25 Oktoba 2023, mtu mmoja mwenye bunduki aliwaua watu 18 katika mji huo ambao wazazi waliuchagua kwa usalama wake. Wale waliokimbia vita vya mbali walifunga milango yao kama walivyofunga majirani zao wa asili ya Quebec. Tukio hilo halithibitishi kwamba walichagua vibaya. Lathibitisha kwamba hakuna jimbo, wala mji, wala mtaa, unaoweza kumwuzia mtu usalama kwa hati isiyofutika. Kinachoweza kupatikana ni watu wa kufunga nao milango, na wa kuifungua nao asubuhi.

Basi mzazi anayekusudia kuhama na ahesabu kodi, na mshahara, na bima, na umbali wa hospitali. Na atazame shule kwa macho yake mwenyewe, si kwa sifa zake tu. Na apime umri wa kila mtoto, na asimsahau mkongwe. Akimaliza, na aulize maswali mawili ambayo hayamo katika orodha yoyote ya bei. La kwanza: huko niendako, ni mlango wa nani nitakaoubisha usiku mtoto akiugua? La pili: ni nani atakayeubisha mlango wangu? Asiyeweza kujibu la kwanza ana sababu ya kungoja kidogo. Asiyefikiri juu ya la pili bado hajawa tayari kuhama, hata kama mizigo yake imekwisha kufungwa.